Sikujui, Niite

Kisamo alipopiga simu nilikuwa sokoni Masasi nabishana na mtu wa mbaazi. Kisamo hana adabu ya simu mpaka leo, hasalimii, hatangulizi pole, akasema tu, "Mwalimu Somoe, Mama Rashidi ametutoka. Tunazika alasiri. Ile kompyuta iko chumbani kwake, wajukuu hawajui waifanye nini." Nikaziacha mbaazi kwenye mzani, muuzaji ananiita mteja, mteja, nami sigeuki. Nikapanda bodaboda mpaka stendi na mkoba wangu wa sokoni vilevile, nyanya ndani, nikaingia basi la Newala. Watu wakiniuliza nilimjuaje yule mama huwa nawajibu kwamba alikuwa mwanafunzi wangu wa elimu ya watu wazima, na hapo maswali yanaisha. Ni kweli, ila si kweli yote. Angekuwa mama mkwe wangu. Mwanawe Rashidi nilimpenda, naye alinipenda, na posa ilikuwa imeshatajwa kwetu, kisha akafa. Kufiwa kila mtu anakujua, sina jipya la kusema hapo. Ninachotaka kusimulia ni mwaka uliofuata, mwaka tuliohangaika kumhamisha Rashidi kutoka mashine moja kwenda nyingine, naye akakataa kuingia.

Tulikuwa Newala, kwenye kituo cha walimu, chumba kilichokuwa stoo ya vitabu kabla hakijawa cha kompyuta. Kilinuka chaki na mkojo wa popo, na hata upige deki vipi, harufu ile haikuhama. Asubuhi ukungu ulipanda kutoka bondeni ukaingia dirishani kama mtu wa nyumbani, na sisi tukafuta vioo kwa kanga kuukuu. Pembeni palikuwa na pipa la maji ambalo hakuna aliyeruhusiwa kuligusa bila sababu, maana maji ya Newala unayajua wewe uliyeyabeba. Ilikuwa miaka ya soko huria. Kila kitu kilikuwa kinaingia: viatu vya mtumba, redio, wanunuzi wa korosho wenye magari wasiojua hata njia ya kwenda Lupaso, na kompyuta zilizokwisha kutumika kwa wenzetu huko ng'ambo. Rashidi alirudi kutoka masomoni Dar na moja ya kompyuta hizo, kaifunga kwa godoro juu ya basi. Watu walidhani ameleta televisheni. Wiki nzima watoto walichungulia dirishani kusubiri mpira.

Darasa langu lilikuwa la kina mama waliokosa shule, na Rashidi aliwatengenezea programu ya kujifunza kusoma. Aliiita Hodi. Ukiifungua, kioo kilibaki cheupe, na kwenye spika sauti yake ikasema, "Hodi!" Basi. Haikufanya kitu kingine. Usipojibu, ilinyamaza kidogo ikabisha tena, "Hodi, mama!" mpaka ubonyeze kile kitufe kirefu cha chini, ndiyo ikasema, "Asante, mama. Haya, tuanze." Nilimwambia programu za watu zina kitufe cha kukubali na cha kukataa, yake ina nini? Akanijibu, "Wewe unaingia nyumba ya watu bila hodi? Hawa ni wakubwa zangu, siwezi kuwaingilia tu." Sauti alizirekodi mwenyewe palepale stooni, mablanketi yametundikwa dirishani, jasho linamtoka, na kwenye somo la silabi ka, akiwa anasema "kaka," jogoo wa mlinzi akawika. Nikamwambia rudia. Akakataa kata kata. "Mwache, naye anajua ka." Yule jogoo tulikuja kumla Sikukuu, lakini kwenye programu anawika hadi leo.

Wa kwanza kujua kusoma alikuwa mama yake mwenyewe. Alikuja kwa miguu kutoka Mnyambe siku za darasa, kikapu kichwani na ndani ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini tunayokula huku kusini, na alisoma kwa kidole kimoja, kile cha shahada, akikitafuta kitufe kwa namna unavyotafuta kiroboto kwenye shuka. Alimjibu mwanawe kwa mdomo kabla ya kubonyeza. "Hodi, mama!" "Karibu, baba." Wenzake walimcheka. "Mama Rashidi, anakusikia huyo?" Naye akasema, "Asiponisikia yeye, nyie mmenisikia." Mchana tulikula pamoja sakafuni, ugali wa muhogo na kisamvu kilichoungwa kwa korosho, na ni katika chakula kimojawapo cha namna hiyo nilisikia maneno ambayo sikuyatia maanani. Vijana wa sokoni Masasi walikuwa wameanza kunakili programu za watu kwenye sidii na kuziuza, na Rashidi alikuwa ameifunga Hodi kwa kufuli: ikiwekwa kwenye mashine mpya, inauliza neno. Mama yake akamuuliza, je, wakilijua hilo neno? Rashidi akacheka, tonge mkononi. "Hilo? Nimeweka neno ambalo hata wewe, mtu akikushikia panga, hutalisema." Mama akamwangalia, akaelewa, akampiga kofi la bega. "Nnungu wangu! Mtoto huna haya wewe!" Wakacheka wawili tu. Mimi nikaomba mboga.

Masika ile malaria ikampanda kichwani. Alhamisi alikuwa anafundisha, Jumapili tulikuwa Mnyambe tunamzika, tope linateleza. Sitalisimulia. Nitasema tu kwamba Jumatatu ya darasa Mama Rashidi alikuja na kikapu chake, akakaa kwenye kiti chake, nikafungua Hodi, na sauti ikasema, "Hodi!" Kina mama wote wakajifunika kanga usoni. Yeye akasema, "Karibu, baba," akabonyeza, akasoma somo lake hadi mwisho. Kusoma alikuwa ameshajua zamani. Alikuja kila siku ya darasa, miezi, na hakuna aliyemuuliza kitu.

Kisha kompyuta ikafa. Ilishapigwa na virusi mara nyingi, halafu umeme ukakatika na kurudi kwa kishindo, ikatoa moshi mwembamba na harufu ya nywele zilizoungua. Kituo kilipata nyingine za msaada, tano, na Kisamo akaja nazo. Kisamo ni mtu wa Kilimanjaro, fundi, alipangiwa kusini akaja akinung'unika kuhusu muhogo, na mpaka leo hajaondoka wala hajaacha kunung'unika. Mashine zile hazikuwa na Windows. Waliozitoa walisema hawataki Windows ya kunakili, na ya kununua hatukuiweza, kwa hiyo ziliwekwa Linux, programu nyingine ya kuendeshea mashine, ambayo ni ya bure na halali. Sawa. Lakini Hodi ilitengenezwa kwa ajili ya Windows, na ukiiweka kwenye Linux ni kama umempeleka mtu wa Newala ugenini asikojua lugha: mzima, ana akili zake, lakini hakuna anayemwelewa akiomba hata maji. Programu yenyewe tuliiokoa kwenye diski ya ile mashine iliyokufa. Maandishi yake ya asili, yale ambayo fundi mwingine angeyashika na kuijenga upya, Rashidi alikuwa nayo kwake kwenye diski nyingine, na diski hiyo ilikuwa imeharibika kabla hata hajaugua.

Kisamo akashauri tutengeneze nyingine. "Mwalimu, hii ni kazi ya mwezi. Naandika mpya, unarekodi sauti wewe, tena bila jogoo." Aliisema mbele ya Mama Rashidi, kwa nia njema kabisa. Mama akamjibu taratibu, "Baba, mimi sikuja kusoma." Kisamo akanitazama. Nikamtoa nje nikamweleza ni nani aliyemo kwenye ile sauti, na kwamba hatuna picha yake inayoongea, hatuna kaseti, hatuna kitu, na mama wa watu ametembea kutoka Mnyambe. Kisamo alirudi ndani akavua saa, akaanza.

Njia aliyoipata ilikuwa ya programu ya kati, inayokaa kama mkalimani barazani. Hodi ikiomba kitu kwa maneno ya Windows, mkalimani anaigeuzia Linux, na jibu vilevile linarudi. Mkalimani huyu wa wakati ule alikuwa nusu nusu. Anajua kuomba kioo, hajui kuomba herufi. Ukimfundisha herufi, anasahau kioo. Siku nyingi Hodi ilifunguka na kufa hapohapo. Kina mama waliuliza, "Leo amefika wapi?" kama wanaulizia msafiri, na Kisamo, ambaye mwanzoni alikuwa anasahihisha kwamba ni programu, akaanza kujibu, "Amefika karibu." Nami usingizi ulinipungua. Nilimwona Rashidi kila mahali penye mlango. Nilikuwa nikikaa peke yangu stooni, upepo ukigusa bati, nageuka nikidhani anabisha. Niliogopa afunguke na niliogopa asifunguke.

Siku ilipofunguka, darasa zima lilikuwepo. Kioo kikawa cheupe kama zamani. Tukasubiri sauti, haikuja. Badala yake kikatokea kisanduku chenye maneno, na Mama Rashidi, kwa kuwa alikaa mbele, ndiye aliyeyasoma, silabi kwa silabi, kwa sauti aliyofundishwa na mwanawe: "Si-ku-ju-i. Ni-i-te."

Kina mama wakatazamana. Kisamo, ambaye hakuzaliwa huku, akafurahi. "Ah, ni neno la siri tu! Imeona mashine ngeni. Anataka jina." Akaandika Rashidi. Ikakataa. Akaandika jina la baba, la ukoo, akaandika hata Somoe, nikaona aibu, yote ikayakataa. Mimi nilikuwa nimeshaelewa. Lile kofi la bega lilinirudia kama nimepigwa mimi. Nikamshika Kisamo mkono anyamaze, lakini alikuwa ameshageuka. Akauliza kwa heshima zote, mbele ya watu, "Mama, samahani, huyu Rashidi alipokuwa mdogo mlikuwa mnamwitaje?"

Kwetu mtoto wa kiume akitoka jandoni anatoka na jina jipya. La utotoni linaachwa kulekule, na kuanzia siku hiyo halitajwi. Ukimwita mtu mzima jina lile umemvua nguo hadharani. Watu wameshikiana mapanga kwa sababu hiyo. Na huyu alikuwa maiti, na anayeulizwa ni mama yake. Kina mama walikusanya kanga zao mmoja mmoja wakatoka, bila ugomvi, bila kelele. Mama Rashidi alitoka wa mwisho. Alikiacha kikapu chake mezani na ming'oko yake. Kisamo akabaki anauliza, "Nimesema nini? Somoe, nimesema nini jamani?" Nilipomwambia, alikaa chini kwenye sakafu akashika kichwa.

Alikwenda Mnyambe kuomba radhi, nikamsindikiza. Mama alitupokea vizuri, akatupatia viti, Kisamo akamwamkia, "Shikamoo, mama," akaitikia, "Marahaba, baba," na chai ya rangi ikaletwa. Alimsamehe kabla hajamaliza sentensi. "Wewe mgeni, hukujua. Mwenye makosa ni yule mtoto." Kisha akaweka kikombe chini. "Ila nyie mmemfungua hamkumwingiza. Sasa namsikia. Nikifagia namsikia, nikitwanga namsikia. Anabisha. Zamani nilimwambia karibu akaingia. Sasa anabisha kwenye mlango ambao mimi siwezi kuufungua." Alinitazama mimi. "Na wewe unamsikia, usinidanganye." Nikasema ndiyo, mama. Nikalia palepale mbele ya mgeni, na sikujali. Jina lile lilikuwa limebaki kwenye kichwa cha mtu mmoja duniani, maana baba yake alishakufa na mjomba aliyempeleka jandoni vilevile, na kichwa hicho kilikuwa na mdomo uliokatazwa.

Darasa lilisimama. Mashine niliiacha inawaka siku nzima na kile kisanduku katikati, sikuweza kukifunga. Watu waliokuja kuchapa barua zao walikisoma, wakaniangalia. Mkuu wa kituo akanitania kwamba kompyuta yangu inatongoza. Sikucheka. Niliingia asubuhi, ukungu umejaa chumbani, na kitu cha kwanza nilichokiona ni yale maneno yanawaka ndani ya ukungu. Sikujui. Niite. Rashidi wangu, niliyejua hata anavyokohoa, alikuwa ananiambia hanijui, na kwa haki kabisa, maana jina lake la kwanza sikuwahi kulijua wala sikustahili.

Mama Rashidi alirudi mwenyewe, mbaazi zikiwa zimeanza kukauka shambani. Alipiga hodi mlangoni, nikashtuka mpaka kiti kikaanguka. Hakuwa na kikapu. Alimwita Kisamo akamuuliza, "Mtu akiandika hapo, maneno yanaonekana?" Kisamo akamwambia hapana, mama, zinatokea nyota tu, kila herufi nyota. "Na hizo nyota haziwezi kuvuliwa?" Kisamo akasema ukweli, kwamba fundi mwenye nia angeweza, lakini yeye hatagusa. Mama akafikiri. "Kinywa kilikatazwa. Kidole hakuna aliyekikataza. Tokeni nje, na msikae dirishani."

Tulikaa nje chini ya bati, migongo yetu ukutani. Tulisikia vitufe. Kimoja, kimya kirefu, kingine. Nilijikuta naimba moyoni wimbo wa watoto ili nisivihesabu, maana hata idadi ya herufi niliona si yangu. Kisamo alikuwa ameziba masikio kama mtoto. Kisha ikaja sauti. Lakini haikuwa ile. Ilikuwa nene, nzito, inaburuzika, neno moja linachukua muda wa sentensi nzima, kama mtu anayesema kutoka chini ya kisima: "Hooo... diii... maaa... maaa..." Kisamo akaruka, "Ni mwendo wa sauti! Mkalimani anaicheza polepole!" Tukaingia mbio, mimi nikiwa na hakika tutamkuta mama amezimia.

Alikuwa amekaa wima, viganja juu ya magoti. Akatuinulia mkono tusipige kelele. "Amechoka," akasema. "Mwacheni. Ametoka mbali."

Akaisogelea spika kama anavyosogelewa mgonjwa, akasema, "Karibu, baba. Karibu, pole na safari." Akabonyeza. Sauti ile nzito ikamshukuru, polepole, akaisikiliza yote hadi mwisho bila kuiharakisha. Siku ya pili Kisamo alikuwa ameirekebisha, na Rashidi akabisha kwa sauti yake mwenyewe, nyepesi, ya haraka, na kwenye silabi ka jogoo akawika, kina mama wakapiga vigelegele mpaka mkuu wa kituo akaja kuuliza nani anaolewa. Mama Rashidi alitikisa kichwa tu. "Sasa amepumzika."

Tangu siku ile aliacha kumsikia kwenye mtwangio. Mimi sikuacha, ila kubisha kwake kulibadilika, kukawa kwa mtu anayejua kuna atakayemfungulia. Sikuolewa upesi, nilikuja kuolewa Masasi baadaye sana, na mtu mwema. Kituo kilipopata mashine nyingine, ile yenye Hodi Mama alipewa akaichukua Mnyambe, na Kisamo akawa anakwenda kuihudumia kama watu wanavyokwenda kumpima mzee presha.

Siku ile ya simu nilifika Mnyambe watu wametoka makaburini wananawa. Nilimkuta Kisamo chumbani, mvi tupu, amekaa kwenye kigoda mbele ya mashine iliyofunikwa kanga. Feni yake inakoroma, kioo kimeingia mstari wa kijani. Alikuwa na kompyuta ndogo mpya kwenye begi. "Hii haifiki mwakani," akaniambia. "Nikiihamisha itauliza neno. Siku hizi naweza kulivunja, Somoe, nusu saa tu. Sauti zote nakutolea. Lakini siwezi kulivunja bila kuliona." Nje wanawake walikuwa wanaosha masufuria, mmoja anauliza chumvi iko wapi. Nilifikiria kubaki bila sauti ile, na sikuweza kulifikiria vizuri. Nikamwambia aiache. Itakapokufa, itakufa. Akaitikia kwa kichwa, na nikaona alikuwa anaomba nijibu hivyo.

Kisha akavuta kanga, akaiwasha, ili tuone kama bado inapumua. Kioo kikawa cheupe. "Hodi!" Tukatazamana. Hakuna aliyekuwa na haki ya kujibu, na mwenye haki watu walikuwa wametoka kumfukia. Huko nje wakaacha kuosha vyombo. Ikasubiri, kama Rashidi alivyoifundisha. "Hodi, mama!"

Nikasogeza kigoda. Nikaweka kidole kwenye kitufe kirefu, mahali palipolainishwa na kidole cha Mama.

"Mama katoka," nikamwambia. "Karibu ndani."